Ukuta wa Mayu Nchini Maelezoni

Jinsi Nyamizi Lugoye alivyofika Maelezoni si habari ya kutuchosha hapa. Alifika. Mwenyewe kila alipoisimulia safari ile aliiruka njia nzima akaanzia mpakani, pale ofisa alipompa maji ya kunywa, naye akasema asante, na ofisa akabaki amemkodolea macho akingoja.

“Asante, kwa sababu…?” ofisa alimsaidia.

“Kwa sababu nilikuwa na kiu, kaka.”

“Vyema. Basi karibu Maelezoni, kwa sababu umefika.”

Ndivyo walivyo watu wa nchi hiyo. Hakuna neno wala tendo linaloruhusiwa kupita bila sababu yake kutajwa. Kijana akimwamkia mkubwa husema, “Shikamoo, kwa sababu umenizidi umri,” na mkubwa hujibu, “Marahaba, kwa sababu umeniamkia.” Msibani, wafiwa hawaangui kilio mpaka karani wa mtaa apite na daftari akiandika kila mmoja analilia nini hasa, na anayesema hajui, ila machozi yanamtoka tu, huombwa asogee pembeni asije akawachanganya wenzake. Mpishi huieleza sufuria nzima kabla ya kupakua, bizari imeingia kwa nini na vitunguu vimekaangwa kwa nini, kwa hiyo hakuna mtu Maelezoni aliyewahi kula pilau ya moto. Bunge lao lilikuwa katika mwaka wa pili likijadili maana ya kuwika kwa jogoo. Chama kimoja kilishikilia kwamba maana ni ile aliyoikusudia jogoo, kingine kwamba maana ni ile itakayoandikwa na Idara. Nyamizi alisikiliza mjadala huo asubuhi nzima, na huapa kwamba hakumsikia mbunge hata mmoja akitaja kuamka.

Juu ya lango la mji wamechonga methali: Usilolijua litakusumbua. Na tuwe wa haki, ni watu wakarimu. Walimpa Nyamizi chumba kisafi, wakampashia maji ya kuoga, wakakaa nje ya mlango kumweleza maji yalivyopashwa mpaka yakapoa.

Alikuwa ameitwa. Jumba la Picha la Maelezoni lilitaka picha ya msanii mgeni ionyeshwe kwa msimu mmoja, kisha arudi nayo kwao. Barua ya mwaliko ilikuwa na kurasa saba, sita zikieleza ile ya kwanza. Nyamizi alichukua picha moja tu, yenye ukubwa wa mlango, akaifunga kwa kanga mbili za marehemu mama yake. Hapa inabidi tuseme ilikotoka picha hiyo, kwa kuwa yote yaliyompata yalimpata kwa ajili yake.

Kwa miaka kumi na mmoja Nyamizi alikuwa fundi wa mabango mjini Shinyanga. Alichora vichwa vya kwenye vibanda vya vinyozi, kuku wa kukaanga, jino kubwa la mganga wa meno, na kila alichokichora kilifanana na kitu chake. Watu walisema kuku wake walitamanisha kuliko wale wa jikoni. Kazi hiyo anaishukuru mpaka leo, maana ndiyo iliyomfunza mkono. Kisha mama yake akafariki. Bi Kabula, ambaye wanawe walimwita Mayu kama Wasukuma wanavyowaita mama zao, alikuwa akiikandika nyumba yake upya kila mwaka kabla ya mvua: udongo mwekundu wa kichuguu, majivu, samadi kidogo, kiganja kikizunguka ukutani, mzunguko juu ya mzunguko. Nyamizi akiwa mdogo aliwahi kumwuliza, “Mayu, unachora nini?”

“Nachora nini wapi? Nakandika. Lete maji.”

Mvua ya mwaka uliofuata msiba ilikuta hakuna aliyekandika, na nyumba ikaanguka. Ulibaki ukuta mmoja. Nyamizi alisimama mbele yake siku nzima. Aliona kiganja cha mama yake kila mahali, wala hakuona sura ya kitu chochote, na akalia kwa uchungu na furaha vikiwa pamoja, asijue kipi kimetangulia. Aliukwangua ukuta ule akajaza magunia mawili, na tangu hapo hakuchora tena kuku. Aliuchekecha udongo, akauchanganya na gundi na rangi, akaupaka juu ya kitambaa kizito kwa kiganja na kwa kipande cha gunia lililolowa. Alipaka, akaacha pakauke, akakwangua nusu, akapaka tena, asijue anakokwenda. Siku nyingine alipiga mstari mmoja tu akakaa akiutazama mpaka jua likazunguka upande wa pili wa nyumba. Kulikuwa na kona ya kijivu aliyoifuta mara tisa. Aliijua picha kuwa imekwisha kwa dalili moja: mkono unakataa. “Ukiulazimisha,” alizoea kusema, “unaharibu.”

Picha aliyokwenda nayo Maelezoni ilimaliza udongo wa mwisho wa gunia la mwisho. Ya pili yake haiwezekani tena.

Aliipokea Bwana Dhahiri, Mkuu wa Idara ya Maana, mtu mpole mwenye miwani, na kifuani kadi iliyoeleza miwani hiyo. Alizifungua zile kanga kwa heshima. Hakuitazama picha. Alitazama chini yake, kisha nyuma yake.

“Kadi yake iko wapi, dada?”

“Haina kadi.”

“Basi inaonyesha nini?”

“Haionyeshi kitu, kaka. Yenyewe ndiyo kitu.”

Bwana Dhahiri alisikitika kweli. Akamkalisha, akamsomea Sheria ya Siku Saba. Picha yoyote ikiingia Maelezoni hupewa siku saba ipate kadi ya maana yenye muhuri. Isipoipata, kitambaa chake hulowekwa, husuguliwa mpaka kirudie weupe wake, na mwenyewe hurudishiwa.

“Tunakikunja vizuri,” alisema, “kwa sababu ni mali ya mtu.”

Nyamizi aliuona udongo wa Mayu ukizunguka ndani ya beseni la maji machafu. Lakini Bwana Dhahiri hakuwa na nia mbaya. Alivuta droo, akamtandazia maana zilizokwisha kuandikwa, tayari kwa wenye haraka.

“Hii hapa Umoja. Umoja haujawahi kukataliwa. Amani na Maendeleo nayo inapita. Na kwa wasanii wa kike kutoka nje tuna Mapambano ya Mwanamke wa Kiafrika. Inapendwa mno.”

Msidhani Nyamizi alikuwa mtu wa kujikweza. Aliwahi kumchora kinyozi mwenye upara akiwa na nywele za kuchana, na usingizi haukumpaa. Neno Umoja lilikuwa limekwisha fika kwenye ulimi wake, yaishe. Alichoomba ni kuonyeshwa kwanza mahali picha itakapotundikwa.

Jumba lilikuwa limefurika. Watu walipanga foleni kwenye kuta zote nne, wameinama, midomo ikicheza, kwa sababu kadi za Maelezoni hubandikwa usawa wa kiuno na herufi zake ni ndogo. Mama mmoja alikuwa akijifuta machozi mbele ya kadi yenye urefu wa kanga nzima. Nyamizi akainua macho aone kilichomliza. Ndani ya fremu hapakuwa na kitu. Mchwa walikuwa wamekula kitambaa, zimebaki nyuzi pembeni. Fremu ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ya tatu kitambaa kilikuwepo, ila rangi yote ilikuwa imebanduka. Yeye na Bwana Dhahiri wakafika mbele ya picha kuu ya taifa, Mwasisi Akivuka Mto, ambayo kadi yake watoto huikariri shuleni, na ndani ya fremu ile kubwa ya dhahabu kulikuwa na ukuta mtupu na mjusi.

“Bwana Dhahiri, huyu mjusi naye ni wa picha?”

Bwana Dhahiri aliweka miwani sawa, akainama, akaisoma kadi yote mstari kwa mstari.

“Hapana,” alisema. “Hakuna mjusi.”

“Hebu inua macho, kaka.”

“Ya nini? Kadi haijamtaja.”

Nyamizi alitazama huku na huku, akitafuta mtu yeyote wa kumshuhudia mjusi huyo pamoja naye. Alikuwepo mmoja. Karibu na nguzo alisimama mwanamke wa makamo ameshika ufagio, anatazama juu. Kadi yake ilisema: Siwema. Mfagizi. Maana yake: anafagia. Alimvuta Nyamizi pembeni.

“Umeona, kwa sababu umetazama,” alinong’ona. “Nilipoanza kazi hapa zote zilikuwepo, mwanangu. Mto ulikuwepo. Halafu rangi ikaanza kudondoka magamba magamba, kila asubuhi nafagia magamba. Nikapeleka habari Idarani. Wakaniuliza, kadi zimepatwa na nini? Nikasema kadi ni nzima. Wakasema basi hakuna lililoharibika.”

Akatoa mfukoni kopo la maziwa ya unga, akafungua mfuniko. Ndani mlikuwa na vipande vya rangi vidogo kuliko ukucha, vingi vya buluu.

“Nilishindwa kuyatupa. Usiniulize kwa nini, kwa sababu sijui.”

Nyamizi alitaka kumkumbatia, akamkumbatia, ufagio na kopo vyote. Tangu Mayu afariki hakuwa amekutana na mtu aliyemwelewa kabla ya kuelezwa.

Sasa akaujua mtego wake. Bila kadi, picha itaoshwa. Ikipata kadi itaishi, na hakuna jicho litakaloigusa mpaka mchwa wamalize kazi. Ukipenda sema ni kufa kuwili, kumoja kwa maji, kumoja kwa herufi.

Alijaribu. Siku ya tatu aliandika alivyoifanya picha, udongo, gundi, gunia lililolowa, kona ya kijivu. Bwana Dhahiri akairudisha. “Umetueleza ulivyopika, dada. Sisi tunauliza chakula kinaitwaje.” Siku ya tano aliandika Bi Kabula, basi. Ikarudi: “Hilo ni jina la mtu. Maana yake?” Siku ya sita aliacha kalamu, akakaa mbele ya picha yake katika chumba cha Idara bila kufanya lolote. Siwema akaja kufagia, akasimamisha ufagio, akaitazama picha kwa muda mrefu.

“Hapa ulihangaika,” alisema, akionyesha kona ya kijivu.

“Mara tisa, mama.”

“Panaonekana. Miguu yangu imeacha kuuma, kwa sababu nimesimama hapa.”

Miaka kumi na mmoja watu walikuwa wamewasifu kuku wa Nyamizi, na sifa zote zile hazikumfikia moyoni kama maneno haya ya mfagizi. Akaomba Mungu ambariki mwanamke huyo na miguu yake yote miwili.

Siku ya saba Baraza la Maana likakaa. Mlangoni palikuwa na beseni, maji na brashi, na kadi: Beseni. Maana yake: weupe. Mwenyekiti alikuwa Jaji Bayani, mzee mkavu aliyekuwa akitoa hukumu tangu Bwana Dhahiri akiwa shuleni. Majaji wenzake wawili walitoka kila mmoja chama chake. Wa kwanza alisema maana ni ile aliyoikusudia mtengenezaji, mtengenezaji amekiri hajui, basi ioshwe. Wa pili alisema maana ni ile iliyoandikwa na Idara, Idara haijaandika, basi ioshwe. Wakapeana mikono, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza katika miaka tisa kwao kukubaliana.

“Binti,” alisema Jaji Bayani, “nakuuliza mara ya mwisho, kwa sababu sheria inataka. Picha hii inasema nini?”

Nyamizi alisimama. 

“Mheshimiwa, sijui inasema nini. Najua tu nilipokuwa naifanya nilikuwa namshukuru nani. Mama yangu alizungusha kiganja ukutani kila mwaka, na mvua ikafuta kila mwaka, wala hakumweleza mtu. Sisi tukalala pakavu. Mimi sikumwambia asante hata siku moja, nilidhani kuta husimama zenyewe. Udongo huu ni wa ukuta wake. Nimechelewa, lakini asante yangu ndiyo hiyo.”

“Shukrani!” Bwana Dhahiri aliruka kwa furaha, maana alikuwa amekosa usingizi kwa ajili ya picha hii. “Andikeni Shukrani, tugonge muhuri!”

“Kaka, ukiandika hivyo watasoma shukrani, waende zao,” alisema Nyamizi. “Mimi nataka wasimame.”

Hapo Siwema akaingia. “Waheshimiwa, naingia kwa sababu mlango uko wazi.” Alipita moja kwa moja mpaka mezani kwa Jaji Bayani, akaweka kopo. “Huu ndio mto aliouvuka Mwasisi. Haupo tena kwenye fremu. Upo humu.”

Jaji wa kwanza aliuliza kadi ya kopo. Jaji wa pili aliuliza tangu lini mfagizi anaeleza. Jaji Bayani hakuuliza kitu. Alichukua gamba moja la buluu, akaliweka kiganjani, akainamisha kichwa. Akanyamaza, na ukimya ukazidi kipimo, kwa sababu huko ukimya nao una kipimo chake, na ukikipita lazima uandikwe na sababu yake.

“Mheshimiwa,” karani aliuliza kwa hofu, “niandike umenyamaza kwa nini?”

“Mama yangu alinileta kuiona kabla sijajua kusoma,” alisema Jaji Bayani. Sauti yake haikuwa ya barazani tena. “Alinibeba mabegani. Nilimshika nywele. Nilidhani nitalowa.”

Akainuka, akaenda ukumbini peke yake. Waliomchungulia walisema alisimama mbele ya fremu ya dhahabu na, kwa mara ya kwanza baada ya miaka sitini, akainua kichwa. Aliporudi aliomba maji, akayanywa bila kuyaeleza.

“Sheria ni sheria,” alisema, “wala sina uwezo wa kuivunja. Lakini Sheria ya Siku Saba inataja picha. Shahidi ametuambia kwa kinywa chake kwamba udongo huu ni wa ukuta. Kuta hazipewi kadi, kuta hubeba kadi. Baraza linaamua kwamba kitu hiki ni kipande cha ukuta, na kipachikwe pale ilipo fremu ya Mwasisi. Na kwa kanuni zetu, kuta zote ziko chini ya mfagizi.”

Bwana Dhahiri alipiga makofi, kisha akajizuia. Siwema alijifunika uso kwa kanga. Jaji Bayani hakuwa amemaliza.

“Ila ukuta hausafiri, binti. Ukikubali hukumu hii, utauacha hapa.”

Hilo Nyamizi hakulitarajia, na lilimchoma. Alikuwa amekuja kuiokoa picha arudi nayo, sasa ameiokoa na hatarudi nayo. Alimwona Mayu akirudi nyuma hatua mbili, mikono imejaa udongo, akiutazama ukuta ambao mvua ingeufuta kabla ya mavuno, na uso wake hauna majuto hata chembe. Kila mwaka alitoa. Kila mwaka alianza.

“Nakubali,” alisema.

“Kwa sababu?” aliuliza karani.

“Mayu angekubali.”

Kesho yake ikapachikwa. Watu waliingia kama desturi, wakainama usawa wa kiuno, wasikute kadi. Walipapasa ukuta. Wengine walidhani imeanguka, wakaitafuta sakafuni. Bwana mmoja alimlaumu mkewe. Walipokosa kabisa cha kusoma, mmoja mmoja alinyoosha mgongo, na kwa kuwa macho hayana budi yaende mahali, yakaenda juu. Yule mama wa machozi alisimama pale mpaka watu wa nyuma yake wakanung’unika, kisha na wao wakafika, wakaacha kunung’unika. Bwana Dhahiri alikuja mchana akavua miwani, akaivaa, akaivua tena.

“Sijui,” alisema taratibu, akageuka haraka kuona kama kuna aliyemsikia.

Siku ya kuondoka, Siwema alimsindikiza Nyamizi mpaka langoni, ufagio mkononi, kwa kuwa alitoroka kazini. Aliulaza ufagio chini, akamtia kopo la maziwa ya unga mikononi.

“Chukua, mwanangu. Kachanganye.”

“Mama, huu ni mto wenu.”

“Humu koponi unafanya nini? Mimi nina ukuta wa kutunza, kwa sababu nimehukumiwa.” Akacheka, na Nyamizi akacheka naye, machozi yakimlengalenga. Alikuwa amekuja na picha moja na anarudi na kopo, na hakumbuki siku aliyowahi kujiona tajiri kuliko ile. Tayari kiganja kilikuwa kinamwasha kwa ile buluu.

“Asante, mama,” alisema, na kwa adabu ya nchi hiyo akaongeza, “kwa sababu ulitazama.”

Siwema akamshika mikono yote miwili juu ya kopo.

“Asante,” alisema.

Nyamizi akangoja, maana alikwisha kuwazoea. Siwema alimtazama tu, akaokota ufagio wake, akarudi kazini.